Ngazi mbili na dirisha bubu: jibu kwa msomaji wa Lincolnshire

Msomaji ameandika: "Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nalea wazee huku Lincolnshire, Uingereza, katika nyumba ya zamani iitwayo The Old Vicarage. Mbele ni matofali mekundu, mlango katikati, madirisha ya kupandisha na kushusha yamejipanga kama askari wa gwaride. Nyuma kuna ubawa wenye madirisha ya kuchongoka kama ya kanisa. Ngazi ziko mbili: moja pana, nyingine nyembamba kiasi kwamba ukishuka na matandiko na mwenzako anapanda, mmoja lazima arudi. Chumba chetu cha dawa kiko jirani na mlango mkubwa, na kina mlango wake mdogo wa kutokea nje ambao haufunguliwi tena. Ghorofani kuna dirisha limezibwa kwa matofali; wengine wanasema ni kodi ya mfalme, wengine kuna mtu alifia humo. Na ukuta wa chini unatoa maji kila baridi, ingawa umepigwa lipu ya saruji juzi tu. Kasisi mmoja alitaka nini na nyumba yote hii?"

Dada yangu, nianze na jina lililoandikwa getini, maana nusu ya jibu imo humo. Vicarage ni nyumba ya vika, kasisi wa parokia. Vika ni neno la Kilatini lililopita vinywa vingi, na maana yake ni kaimu. Kaimu wa nani? Wa rekta, yule mwenye parokia hasa. Zaka za kijiji cha Kiingereza ziligawanywa mafungu mawili. Zaka kubwa, yaani nafaka, majani makavu ya mifugo na kuni, zilikuwa za rekta. Zaka ndogo, yaani sufu, wanakondoo, mayai na matunda ya bustanini, aliachiwa kaimu. Tena mara nyingi rekta hakuwa hata mtu, ilikuwa monasteri. Henry VIII alipozifunga monasteri katika miaka ya 1530, haki ya zaka kubwa za parokia nyingi ikaangukia mikononi mwa matajiri wasio makasisi, na kaimu akabaki na mayai yake. Ndiyo sababu nyumba ya rekta kwa kawaida huipita ya vika kwa ukubwa. Nyumba yenu ni kubwa kwa nyumba ya kaimu, kwa hiyo kuna pesa iliingia kutoka mahali. Nitarudi hapo.

Jambo la pili ndilo lenye uzito zaidi: nyumba hiyo haikuwa yake. Ilikuwa kota. Mimi nimekulia kota za reli Tabora, najua maana yake. Unapanda mwembe usijue nani atakula embe, unapaka rangi sebuleni huku ukiwaza barua ya uhamisho. Kasisi wa Kiingereza hakuhamishwa kirahisi, kiti chake alikuwa nacho maisha yake yote. Lakini siku akifa, mjane na watoto wanafungasha.

Mfano uko mkoani kwenu. Mshairi Alfred Tennyson alizaliwa mwaka 1809 katika nyumba ya rekta ya kijiji cha Somersby. Baba yake alikuwa na watoto kumi na mmoja wa kulala na kula, na nyumba haikutosha, basi mwaka 1819 akaongeza chumba cha kulia chenye paa la mwinuko mkali na madirisha ya kuchongoka. Alikichora mwenyewe na kukijenga pamoja na mwendesha gari lake la farasi. Alifariki mwaka 1831. Familia ikavumiliwa hadi 1837, kisha ikatoka, na chumba kile kikabaki kwa mwenye cheo aliyefuata.

Na kutoka kulikuwa na hesabu yake. Kasisi aliyeondoka alidaiwa uchakavu wote uliotokea katika zamu yake, na kama amekufa, deni liliwaangukia warithi. Kasisi mpya anakuja na mkadiriaji, wanazunguka: sleti tatu zimepasuka, mfereji wa maji ya mvua umeoza, ua wa farasi umelegea. Bili inapelekwa kwa mjane ambaye bado yuko katika nguo za msiba. Sheria ya 1871 iliweka wakadiriaji rasmi ili kupunguza ugomvi, ila mzigo wenyewe haikuuondoa.

Sasa utasema: kama si yake, na akiiacha mbovu anadaiwa, kwa nini ajenge kubwa namna hiyo? Kwa sababu aliruhusiwa kujenga kwa deni la watu watakaokuja. Sheria ya mwaka 1776, ambayo watu huiita kwa jina la mbunge Thomas Gilbert, ilimwezesha kasisi kuweka rehani mapato ya parokia, akope, ajenge, na malipo yaendelee polepole hata baada yake. Mrithi wa cheo alirithi nyumba na deni lake pamoja. Kisha ikaja sheria ya 1838 kuwabana makasisi walioshika parokia mbili tatu, wakala mapato yote na kumwachia msaidizi wa mshahara mdogo kazi yenyewe. Kila parokia ikatakiwa iwe na mtu wake anayeishi hapo, na mtu huyo, mhitimu wa Oxford au Cambridge, alitarajiwa kukaribisha mezani mwenye shamba kubwa la kijiji bila kuona haya. Kaimu akawa bwana mkubwa, na nyumba ikamfuata. Pesa niliyokuambia iliingia ndiyo hiyo, ingawa siwezi kukuapia bila kuona makaratasi yenu.

Tuingie ndani, ila usianzie mbele. Mbele ni uso, na uso hupakwa poda.

Anza kwa kugonga kuta za katikati, kati ya ukumbi wa mlangoni na jiko la zamani. Ukuta wa tofali hujibu kwa sauti kavu, fupi. Ukisikia sauti nene, kama unagonga gunia la unga, na ukiona ukuta hauna unyoofu na nguzo za mbao zimejificha kwenye pembe, huenda umeigusa nyumba ya kale iliyomezwa na hii mnayoiona. Lincolnshire ina ujenzi wake wa asili ambao mtu wa Tanga haumshangazi: nguzo, fito nyembamba zilizopigiliwa wima, halafu udongo uliokandwa na majani unakandikwa pande zote mbili na kupakwa chokaa. Usiudharau. Makasisi wa vijijini waliishi katika nyumba kama hizo kwa vizazi vingi.

Epworth, kaskazini mwa mkoa huo, ina maelezo ya nyumba ya rekta yaliyoandikwa mwaka 1607: mbao na lipu, paa la majani, vyumba vikubwa saba katika orofa tatu. Usiku wa tarehe 9 Februari 1709 ikashika moto. Rekta Samuel Wesley alikuwa ameshawatoa watoto alipogundua mmoja amebaki juu. Ngazi haikuwepo karibu, basi mtu akapanda mabegani mwa mwenziwe na kumpokea mtoto dirishani kabla paa halijaanguka. Mtoto huyo wa miaka mitano alikuwa John Wesley, ambaye baadaye uamsho wake ulizaa Wamethodisti. Nyumba ikajengwa upya mwaka huo huo, safari hii kwa matofali, na bado imesimama, ni makumbusho. Samuel naye, ambaye miaka minne kabla alikuwa amefungwa jela kwa madeni, akaongeza deni jingine. Ukipata siku ya mapumziko nenda ukaione, maana ni nadra kuona nyumba ya kasisi ambayo tunajua usiku uliosababisha ukuta wake uwe wa tofali.

Huo uso wenu wa matofali, basi, unaweza kuwa koti lililovishwa mwili wa zamani. Pima unene wa ukuta penye dirisha la mbele, kisha pima penye mlango wa kutoka ukumbini kwenda nyuma. Ukikuta tofauti kubwa, koti hilo. Tazama pia jinsi matofali yalivyolazwa. Katika picha uliyonitumia naona kwenye kila kozi, yaani kila mstari wa matofali, tofali moja limelala ubavu, linalofuata limeonyesha kichwa, ubavu, kichwa, mpaka mwisho. Huo ndio mtindo uliopendwa na wajenzi wa karne ya 18 na mwanzo wa ile ya 19 kwa upande wa kuonwa na watu. Geuka upande wa jikoni uone kama fundi aliendelea na usanifu huo au alipanga ovyo. Mafundi wa zamani walikuwa na adabu mbele na akili ya kubana matumizi nyuma.

Madirisha nayo yana umri wake. Zile fremu mbili zinazopandishwa na kushushwa zimeshikwa na kamba na vyuma vya uzito vilivyofichwa ndani ya kuta za fremu. Hesabu vioo: sita juu na sita chini ni vya zamani zaidi, kwa kuwa kioo kikubwa kilikuwa ghali na kilitozwa ushuru hadi 1845. Ukiona kioo kikubwa kimoja au viwili kwa fremu, na kwenye ncha za chini za fremu ya juu kuna vijipembe vya mbao vimechomoza, hilo ni dirisha la baada ya miaka ya 1840. Kioo kilipokuwa kikubwa kikawa kizito, na vile vijipembe vinaizuia fremu isiachie kwenye maungio.

Dirisha bubu. Kodi ya madirisha ilikuwepo kweli, tangu 1696 hadi 1851, na aliyeilipa ni mkaaji wa nyumba, si mwenye nyumba. Kwa hiyo vika alikuwa na sababu nzuri ya kuziba. Lakini wajenzi wa wakati ule walipenda mno ulinganifu. Kama ndani hapakufaa kuwa na dirisha, walijenga tundu la mapambo nje ili tu safu isikosee hatua, na wengine walilipaka rangi lifanane na kioo. Kata shauri hivi: ingia ndani, simama mahali lilipo dirisha hilo. Ukikuta dohani au ukuta wa kugawa vyumba umeangukia papo hapo, dirisha hilo halijawahi kupitisha mwanga hata siku moja. Ukikuta ukuta mtupu, rudi nje utafute mstari wima wa chokaa pande mbili mahali ambapo matofali ya kuziba hayakuumana na ya zamani, kama kiraka cha shati.

Nakuambia haya kwa kuwa yalishanikuta. Nikiwa mwanafunzi wa uhifadhi niliwatangazia wageni mbele ya nyumba moja, kwa sauti ya profesa, kwamba dirisha lile lilizibwa kwa sababu ya kodi. Fundi mmoja mzee akaniuliza kwa upole kama moshi nao ulikuwa unalipiwa. Nyuma ya dirisha kulikuwa na dohani tangu msingi. (Kwa kweli meko yalitozwa kodi Uingereza, 1662 hadi 1689, ila nyumba ile ilikuwa changa kuliko hapo, na mimi nilikuwa changa kuliko nyumba.) Kuhusu aliyefia humo: nyumba ya miaka mia mbili watu wamefia karibu kila chumba, na kuzaliwa pia.

Sasa ngazi mbili na milango, ambayo ndiyo ninayoipenda kuliko yote.

Nyumba ya vika ilikuwa ofisi, makazi ya familia na sehemu ya kazi ya watumishi, vyote vitatu chini ya paa moja, na mchoro wake wote ni juhudi ya kuhakikisha makundi hayo hayakanyagani. Sebule na chumba cha kulia vilielekezwa bustanini, kusini kama iliwezekana, kwenye jua. Jiko, chumba cha kuoshea vyombo na stoo ya chakula viliwekwa upande wa baridi ili maziwa na nyama visiharibike. Kati ya pande hizo palikuwa na mlango, mara nyingi umevikwa kitambaa kizito cha kijani na kupigiliwa misumari ya shaba, uzuie kelele za sufuria na harufu ya kabichi. Huenda kitambaa kimeshatoka, lakini pitisha vidole kwenye ukingo wa mlango unaotenganisha ukumbi na jiko. Ukihisi vitundu vidogo vimefuatana kwa mstari, ndiyo misumari hiyo. Ngazi nyembamba inayowasumbua inaanzia upande wa jiko na kupanda hadi vyumba vya darini. Ilipimwa kwa msichana mmoja wa kazi mwenye ndoo ya maji moto au makaa, asikutane na mgeni kwenye ngazi pana. Kwamba leo nanyi mnaoshika kazi ya nyumba ndio mnaopishana humo na matandiko, nyumba haijabadilika sana.

Chumba chenu cha dawa ndicho, kwa kadiri ninavyoona, kilichokuwa chumba cha kazi cha vika. Angalia kilipo: hatua mbili kutoka mlango mkubwa, na kina mlango wake wa nje. Mkulima aliyekuja na matope ya shambani kuandikisha mazishi, mjane aliyekuja kuomba makaa, kijana na mchumba wake waliokuja kutangazisha ndoa, wote hao walipokelewa bila kukanyaga zulia la familia na bila kuonwa na wageni wa sebuleni. Sisi watu wa pwani tuna baraza kwa kazi hiyo hiyo: mgeni ana heshima yake, na ndani kuna heshima yake. Tofauti ni kwamba baraza yetu iko hadharani, kila apitaye anajua nani kaja kwa nani. Vika alitaka siri, na mlango ule mdogo ndio siri yenyewe.

Ubawa wa nyuma ni habari ya vita vya kimawazo. Madirisha ya kuchongoka yalianza kama mchezo wa mapambo. Kile chumba cha Somersby ni cha wakati huo. Kisha miaka ya 1840 akaja mbunifu wa majengo A. W. N. Pugin, Mkatoliki mwenye hasira, akadai kwamba kulipachika umbo la kanisa kama pambo ni uongo. Kwake nyumba ilipaswa kuanza na mahitaji ya ndani, na sura ya nje itokane nayo. Dirisha liwe mahali panapotaka mwanga, hata kama safu itavunjika. Mwenyewe alibuni nyumba ya rekta kule Rampisham, Dorset. William Butterfield akafuata na nyumba ya vika ya Coalpit Heath, Gloucestershire, 1844 hadi 1845, na George Edmund Street na ya Wantage mwishoni mwa muongo huo: paa za mwinuko, dohani nzito, madirisha ya ukubwa tofauti, hakuna ulinganifu wa kulazimisha. Kijana aliyefanya kazi ofisini kwa Street, Philip Webb, ndiye aliyembunia msanii na mshairi William Morris nyumba ya matofali mekundu huko Bexleyheath mwaka 1859, ambayo vitabu vya usanifu huitaja kama mwanzo wa nyumba za kisasa. Mimi naona vitabu hivyo vinarukia katikati ya hadithi. Aliyejua nyumba za makasisi hakushangazwa nayo.

Kwenu, tazama dirisha linaloangaza ngazi za ubawa huo. Kama limepanda pamoja na ngazi, likaacha mstari wa madirisha mengine, mbunifu alikuwa wa shule hiyo. Kama yote yamekaa sawasawa na kichwa tu ndicho kimechongoka, ni koti jingine.

Unyevu ndio wa haraka. Nyumba hiyo imejengwa kwa chokaa, na chokaa inapumua: maji yanaingia kidogo, yanatoka kidogo. Saruji haipumui. Mliyempa kazi amefunga mlango wa kutokea, maji yakabaki ndani, yakatafuta njia juu ya lipu mpya na ndani ya matofali. Baridi ikigandisha maji hayo, uso wa tofali unabanduka kama ngozi ya kitunguu. Nimeliona kosa hilo hilo Mji Mkongwe, Zanzibar, kwenye kuta za mawe ya matumbawe, na dawa ni ile ile: bandua saruji, rudisha chokaa, na kabla ya yote angalia kama udongo wa bustani nje haujarundikana juu kuliko sakafu ya ndani, na kama mifereji ya paa haijaziba. Mara nyingi nusu ya ugonjwa iko kwenye mfereji.

Ila mwenye nyumba asianze kubomoa. Mwambie kwanza aangalie kama jengo liko kwenye orodha ya urithi ya taifa. Nyingi za umri huo zipo, hasa daraja la II. Likiwa humo, ulinzi unafika hadi ndani, pamoja na ile ngazi nyembamba na mlango wa vitundu, na kulibadilisha bila kibali ni kosa la jinai.

Na kwa nini getini pameandikwa Old, yaani ya zamani? Baada ya vita vya pili, mapato ya kasisi hayakutosha kupasha joto vyumba kumi, wasichana wa kazi wakawa wamekwenda viwandani, na parokia zikaunganishwa. Kanisa likauza kota moja baada ya nyingine na kujenga nyumba ndogo, mara nyingi kwenye kipande cha bustani ile ile. Chungulia juu ya uzio wenu, huenda vika wa leo ni jirani.

Kwa anayetaka kujua zaidi, nyaraka za dayosisi ziko Lincoln, kwenye jengo la Lincolnshire Archives. Uliza vitu viwili. Kwanza orodha za mali za parokia, ambazo makasisi walitakiwa kuziandika tangu karne ya 17, na ambazo mara nyingi hutaja nyumba chumba kwa chumba na paa lake ni la nini. Pili, makaratasi ya rehani ya sheria ya Gilbert: ili apate mkopo, kasisi alipeleka kwa askofu makadirio na mara nyingi mchoro. Njiani ukielekea Skegness utapita karibu na Little Steeping, ambako Edward Steere alikuwa rekta kabla ya kuja Zanzibar, kusimamia ujenzi wa kanisa kuu la Mkunazini na kuandika sarufi ya lugha hii tunayoandikiana.

Ukiupata mchoro, tafuta kile chumba kando ya mlango mkubwa, usome kilivyoandikwa, halafu uniandikie tena.